Askofu na Ombi Lake kwa Salahuddin

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili tumtazame Hubert Walter, Askofu wa Salisbury, Uingereza. Mwaka 1190 alikwenda kwenye Vita vya Msalaba, Wakristo wa Ulaya wakipigana na Waislamu kuigombea Nchi Takatifu, akafika Akka, mji ambao Matendo ya Mitume huuita Tolemai. Jeshi la Wakristo lilikuwa limeuzingira tangu mwaka uliotangulia. Novemba hiyo Baldwin, Askofu Mkuu wa Canterbury, akafia kambini, na mzigo ukamwangukia Hubert. Kipupwe kikaja na njaa. Watu wakachinja na kula farasi wao wa vita. Askofu akawaendea wakubwa, akawahimiza watoe, askari maskini wakapata chakula.

Hapo namwona mchungaji. Vita yenyewe siwezi kuitetea. Akka ilipoanguka mwaka 1191, Mfalme Richard wa Uingereza aliamuru mateka zaidi ya 2,000 wauawe, na hilo tusilipake chokaa.

Septemba 1192 pande mbili zikakubaliana kusimamisha mapigano. Richard hakukanyaga Yerusalemu. Hubert alikwenda pamoja na mahujaji, Salahuddin, Sultani wa Waislamu, akampokea kwa heshima, wakazungumza kwa mkalimani, kisha Sultani akamwambia aombe chochote anachotaka. Hubert akaomba muda hadi kesho yake afikirie.

Usiku huo ndio unaonigusa. Sulemani naye aliambiwa, "Omba utakalo nikupe" (1 Wafalme 3:5), ila yeye aliambiwa na Mungu. Hubert anaambiwa na adui, mtu ambaye Hubert mwenyewe alivuka bahari kuja kupigana naye. Angeweza kutaja dhahabu. Kulipokucha akaomba mapadre wawili wa Kilatini, yaani wa Kanisa la Roma, na mashemasi wawili waruhusiwe kuhudumu kwenye Kaburi la Bwana, idadi hiyohiyo Bethlehemu, na idadi hiyohiyo Nazareti, watunzwe kwa sadaka za mahujaji. (Majivuno kidogo yalikuwemo: Wakristo wa Siria walikuwa wakisali palepale, naye hakupendezwa na ibada yao.) Salahuddin akakubali.

Je, yupo mtu uliyemfunga moyoni kama adui, ambaye hujawahi kumwomba kitu wala kuketi naye? Mtaje mbele za Mungu juma hili. Na tunaposali Rozari, kwenye fumbo la kupashwa habari Maria tuwakumbuke waamini wa Nazareti, na kwenye kuzaliwa kwa Bwana, wale wa Bethlehemu, pamoja na mapadre wanaowahudumia.