Jinsi ninavyopanga maji kabla ya nyumba kwenye ranchi kame

Kwenye nchi kame ya mifugo, umbali kati ya makazi hupimwa kwa miguu ya ng'ombe. Ng'ombe hula vizuri ndani ya kilomita 2 hivi kutoka birikani, yaani kwenye hori wanaponywea maji. Zaidi ya hapo nyasi hubaki, huku za karibu zikiliwa mpaka udongo. Kwa hiyo huanza kwa kuchora duara kwenye ramani. Nusu kipenyo cha kilomita 2 hutoa hekta 1,257. Kama ng'ombe mmoja anahitaji hekta 12, hapo wanatosha 100 na ushee, basi.

Wakati wa joto kali nahesabu lita 50 kwa kila ng'ombe, yaani lita 5,000 kwa siku. Pampu ikiwa ya upepo au ya jua, tangi nalifanya la siku tatu hadi tano. Wengi hukwama hapa: wanahesabu maji ya siku nzima, wanasahau kwamba kundi hufika kwa pamoja. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa zaidi ya lita 10 kwa dakika, na bomba jembamba haliwezi kumfuata. Birika likikauka, madume yanashiba, ndama wanasukumwa pembeni, na boya, kifaa kinachoelea na kufunga maji birika likijaa, linavunjwa. Boya naliweka ndani ya kisanduku cha zege chenye mfuniko mzito.

Zamani nyumba ililazimika kukaa bondeni, penye chemchemi. Sasa kisima kinabaki bondeni, maji yanapandishwa hadi tangi la kilimani, kisha yanashuka kwa mserereko. Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1 ya shinikizo. Nyumba naiweka upande upepo unakotoka, mita 500 au zaidi kutoka birikani, kwa sababu ya vumbi, nzi na samadi. Choo kinakaa chini ya kisima kwa mteremko, kamwe si juu yake.

Chumvi ipimwe kabla ya kumwaga msingi. Ng'ombe wazima huvumilia hata miligramu 4,000 kwa lita. Watu huanza kulalamika ikipita 1,000. Ndiyo maana utakuta kisima chenye mifugo tele na hakuna hata kibanda.

Nikitaka malisho yapumzike, nafunga koki ya birika moja na kufungua ya jingine. Siku za mwanzo lazima awepo mchungaji wa kuwahamisha, maana ng'ombe hurudi penye birika walilolizoea na kusimama hapo, hata likiwa kavu.