Siku moja kwenye chai ya Ilam, Nepal

Wadau wengi mnaniuliza huku Nepal nafanya nini, basi leo nawapa siku nzima saa kwa saa. Mi ni mtu wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe kule Mbeya, nimekulia kwenye chai, na sasa nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha chai karibu na Kanyam, wilaya ya Ilam. Ni mashariki kabisa mwa Nepal, vilima vya chini ya Himalaya, ukivuka mpaka tu upo Darjeeling ya India. Siku yenyewe ni ya Novemba, Tihar, sikukuu ya taa ya Wahindu, imeshapita, tuko mchumo wa mwisho kabla chai haijalala kwa baridi.

Saa 11 alfajiri
Baridi kali, navaa sweta mbili naingia moja kwa moja chumba cha kunyaushia. Majani ya jana yamelala usiku kucha kwenye vitanda vya wavu, feni zinapuliza kwa chini. Nachota kiganja kizima nakibana kwa nguvu halafu naachia, jani likibaki limejikunja na kikonyo kikipinda bila kukatika ujue limeiva, likiruka kurudi lilivyokuwa bado lina maji, subiri. Harufu ya pale siwezi kuielezea vizuri, ni kama maembe yanayoanza kuiva ndani ya gunia. Mashine ya kusokota inawashwa na fundi wetu, namwita dai, yaani kaka, maana huku humwiti mtu mzima kwa jina lake kavu.

Saa 12 asubuhi
Natoka nje dakika chache kabla ukungu haujapanda, maana Novemba anga ni safi na Kanchenjunga unaonekana wote, mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Jua likiupiga unakuwa wa pinki, baadaye dhahabu. Watu wanatoka mbali wanalala kijiji cha Antu ili waamke na hiyo picha.

Saa 2
Wachumaji wameshaingia shambani, wengi ni akina mama, Warai, Walimbu, na wengine wa jamii nyingine. Namsalimia mmoja wa makamo, "Namaste aama," yaani mama, naye ananiuliza kama nimekunywa chai, huku ndo salamu hiyo. Kapu lake linaning'inia mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, akina mama wa Kiambu na Murang'a wanaobeba kuni wanaujua vizuri mzigo wa namna hiyo. Vidole vyake vinachagua majani mawili na chipukizi basi, hagusi jani gumu, na hapa ndo tofauti kubwa na nyumbani ambako sehemu nyingi siku hizi tunakata kwa mkasi au mashine. Chai ya Ilam ni ya kusokotwa, jani linabaki zima, ukililoweka linafunguka. Yetu nyingi ni CTC, inakatwakatwa inakuwa punje, inatoa rangi haraka, ndo tamu kwa maziwa. Na wenyewe huku wakiwa majumbani wanakunywa CTC ya Jhapa, wilaya ya tambarare kusini yao, kwa maziwa na sukari kama sisi, hii ya kusokotwa nyingi inauzwa nje.

Saa 4
Wali, dengu, mboga za majani, achari ya akabare, pilipili ya duara ambayo ni kali aisee. Mlo mkubwa wa asubuhi ni huu, wa pili usiku.

Saa 6 mchana
Majani ya asubuhi yanaanza kuingia, wakulima wadogo wanaleta kwa kapu, pikipiki, pikapu, tunapima. Hapa nikae kidogo maana ndo kitu kinachoniuma. Chai ilipandwa hapa 1863 na Gajraj Singh Thapa, miche inasemekana ilitoka China, miaka michache tu baada ya Darjeeling kuanza. Mwaka 1982 serikali ikatangaza wilaya tano za mashariki kuwa ukanda wa chai, na wakulima wadogo wakaingia kwa wingi. Lakini kwa miaka mingi jani bichi la Ilam limekuwa likivushwa mpaka, linapikwa kule, linatoka na jina la Darjeeling, na mkulima aliyelichuma halipwi kwa hilo jina. Kilima kilekile, ukungu uleule! Na mi nakumbuka chai ya kwetu Rungwe ilivyokuwa ikipelekwa mnada wa Mombasa, ikichanganywa na nyingine, mnywaji wa London hajawahi kusikia Tukuyu. Ndo maana kila gunia linaloingia naandika kijiji lilipotoka, na tunataka kijiji hicho kisomeke kwenye pakiti.

Saa 9
Wageni. Barabara ya Mechi inapita katikati ya mashamba ya Kanyam kwa hiyo vijana wanapanda kutoka Jhapa kwa pikipiki, wanapanda farasi, wanapiga picha wamebeba kapu. Wakiniuliza waende wapi tena nawaambia Mai Pokhari, ziwa takatifu katikati ya msitu, Wahindu, Wabuddha na Wakirati, yaani wa dini ya asili ya Warai na Walimbu, wote wanaliheshimu, na tangu 2008 liko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Wenye mapafu wapande kilele cha Sandakpur, mita 3,636, misitu ya njiani kuna panda wekundu.

Saa 11 jioni
Napita kwa jirani anayekausha iliki. Sio iliki ya Zanzibar, hii ni kubwa, ya kahawia nzito, inalimwa kwenye kivuli cha miti bondeni na inakaushwa kwa moto wa kuni kwa hiyo inanukia moshi. Hela ya kusomesha watoto iko humo, ila bei inaamuliwa na wanunuzi wa India na magonjwa ya virusi yamemaliza mashamba mengi. Ndo maana ana kidogokidogo cha kila kitu, tangawizi, nyasi za mifagio, ng'ombe wa maziwa.

Saa 2 usiku
Tongba, ulezi uliochachushwa kwenye kopo la mti, unamwagia maji ya moto unavuta kwa mrija. Wanyakyusa wenzangu mngeielewa haraka.

Mdogo wangu kapiga simu, kikundi chao cha wakulima kinataka kujaribu kusokota chai kwa mkono na anataka aone mashine yetu inavyofanya kazi. Tunapishana saa 2 na dakika 45, kwa hiyo kesho saa 4 asubuhi ya huku, saa 1 na robo ya Tukuyu, nampigia video fundi akiwa kazini, nimemwambia awe na daftari.