Kemo imesogezwa mbele

Leo asubuhi, wodini hapa Kampala, mama mmoja amerudishwa nyumbani bila kemo, yaani dawa za kuua saratani.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 62,000 kwa kila mikrolita ya damu. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000, na kemo nyingi husubiri zifike 100,000.

Ndugu zake wakaanza kuulizia juisi ya bitiruti, wakidhani itaziongeza. Ngojeni kwanza!

Kemo hudhoofisha uboho, unaotengeneza chembe hizi ndani ya mifupa, na hesabu hushuka sana karibu siku ya 10 hadi 14. Lakini huku kwetu malaria nayo huzishusha, kwa hiyo ipimwe.

Tena wakati mwingine chembe hushikana ndani ya kichupa cha kupimia damu chenye kifuniko cha zambarau, mashine ikahesabu chache. Kwenye darubini vishada huonekana wazi. Damu itolewe upya, kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu.

Kwa sasa asimeze aspirini wala ibuprofeni, na mswaki uwe laini. Vidoa vyekundu vidogo miguuni, au fizi kutoa damu? Hospitali usiku huohuo.

Cha kuudhi, chembe hizohizo huizingira seli ya saratani ndani ya damu na kuificha isionwe na kinga ya mwili.

Mliowahi kuchangia chembe sahani, ilikuwaje?