Bodoni, herufi inayotaka nafasi

Fonti ninayoipenda kuliko zote ni Bodoni, kazi ya Giambattista Bodoni, aliyeongoza kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma, Italia, tangu mwaka 1768 hadi alipofariki mwaka 1813. Mistari yake ya wima ni minene, ilhali vimstari vinavyokaa miguuni mwa herufi ni vyembamba kama unywele. Kwa sababu hiyo hupendeza mno kwenye majalada na vichwa vya habari, ambako weupe wa karatasi umeachwa kwa wingi. Lakini ukiipunguza hadi pointi 8, hasa kwenye karatasi inayonyonya wino, nyuzi hizo hupotea, na neno kama “mumunye” hubaki safu ya nguzo nyeusi zisizoshikana. Matini marefu mimi huyapanga kwa toleo la Bodoni lililochorwa mahususi kwa maandishi madogo.