Siku niliyomtafsiria mama wa Panther

Mwaka 2005 nilikuwa nimemaliza form siksi, nipo tu nyumbani Maji ya Chai nasubiri matokeo, na kesho yake ilikuwa sendofu ya dada yangu. Uani kumejaa kina mama wanamenya ndizi, mikono wameipaka mafuta ili utomvu usigande. Ndo akaingia jirani yetu na mgeni, mama Mmarekani mweusi, kichwa kizima mvi, alikuja kuwasalimia kina Pete na Charlotte O'Neal pale Imbaseni. Hao kwetu ni wenyeji, walikuwa Black Panther, chama cha watu weusi wa Marekani, tawi la Kansas City, wakaikimbia Marekani 1970 wakapitia Algeria, Tanzania wakafika 1972. Huyu mgeni na yeye alikuwa Panther, ila wa Oakland.

Akaomba kisu, akapaka mafuta, akakaa kwenye kigoda. Mama akaniita, we njoo utafsiri.

Nikakwama mapema sana. Nikasema huyu mama alikuwa mwanamapinduzi, mama mkubwa akauliza kumbe Marekani nako kuna CCM? Nikaeleza hapana, ni chama cha watu weusi, kilianza Oakland 1966 kwa sababu polisi walikuwa wanawapiga na kuwaua mitaani. Wakaitikia tu mmh. Ila aliposema kwamba Januari 1969 chama kilianza kuwapa watoto chai ya asubuhi bure kanisani kabla hawajaenda shule, na yeye alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kukaanga mayai, jamani uani pakachangamka! Mayai mlipata wapi? Tulizunguka madukani kuomba. Na wanaume je, walipika? Akasema ndiyo, kwa zamu, na sisi wanawake tulifundishwa silaha, tuliuza gazeti la chama, tulifungwa kama wao.

Kaka yangu alikuwa anapasua kuni pembeni na tisheti yake ya 2Pac. Mgeni akamnyooshea kisu, akasema mama yake huyo alikuwa mwenzetu, Afeni Shakur, alishtakiwa New York na wenzake, akajitetea mwenyewe mahakamani akiwa mjamzito, Mei 1971 wakaachiwa wote, mwezi uliofuata akamzaa huyo mtoto. Kaka akaweka shoka chini akasogea. Miaka yote hiyo picha ipo ukutani kwake, habari za mama hajawahi kuzisikia, na mimi vilevile.

Afu mgeni akaanza kuongea taratibu. Akasema 1974 chama kiliongozwa na mwanamke, Elaine Brown, akaweka wanawake kwenye nafasi kubwa na wanaume wengine hawakupenda. Mwaka 1977 mwanamke mmoja aliyekuwa msimamizi kwenye shule yao alimkaripia mwanaume kuhusu kazi, wanaume wa chama wakampiga wakamvunja taya, na Huey Newton, kiongozi mkuu wa mwanzo ambaye alikuwa amekimbilia Cuba na sasa amerudi, hakuwakemea. Elaine akaondoka kwenye chama.

Nikaangalia pale, kaka anasikiliza, baba yupo barazani na wazee, dada anaolewa. Nikasema, "Anasema kulikuwa na matatizo madogo madogo ya hapa na pale."

Mama mdogo akaacha kumenya. "We mtoto, maneno yote yale marefu ndo yamekuwa hayo tu?"

Nilisikia aibu mpaka leo nikikumbuka naisikia, maana yule mama alikuja na ukweli wake wote na mimi nikaukata nusu kwa kuogopa wanaume waliokaa barazani. Nikamwomba mgeni arudie. Akarudia, sentensi moja moja, na mimi nikatafsiri yote, taya na kila kitu, kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyesema mmh. Ukawa unasikia visu tu.

Mama mdogo akafuta mafuta kwenye kanga yake, akamnyooshea mgeni mkono wa kushoto, ule ambao kiganja hakigeuki vizuri, ambao sisi watoto tuliambiwa alianguka mtoni.

"Mwambie na mimi," akasema. "Mwambie ni mwaka 88, na sikuanguka. Na usikate neno."

Nikamwambia. Mgeni akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, yote ina mafuta, na dada yangu akavuta kigoda chake akakaa katikati yao.