Kava la chini ya injini: nilidhani ni urembo

Toyota IST yangu ya mtumba niliinunua bila kava la chini ya injini. Dalali akaniambia, "Hilo ni urembo tu, kaka." Kiangazi nikamwamini. Masika yalipoingia, kila nikirudi Tabora mjini kutoka vijiji vya Uyui, mkanda wa alteneta (ile inayochaji betri) ulikuwa unapiga kelele. Nikafunga mpya, baada ya wiki mbili kelele zikarudi.

Fundi wangu wa Ng'ambo akaipiga jeki, akanionyesha tope na mchanga vilivyoganda kwenye puli, yaani magurudumu madogo yanayopitisha mkanda. Akataka kunichomelea bati nene. Nikakataa: bati ni zito, hugongagonga, na lisipotobolewa huwezi kumwaga oili bila kulifungua. Kwa mawe makubwa sawa, lakini adui yangu alikuwa maji ya madimbwi.

Nikatafuta kava la plastiki la mtumba. Klipu hazikuwepo, tukafunga boliti zenye washa pana, mbali na ekzosi. Hapo usiwe na haraka, maana kava linaloning'inia huburuzika mpaka ling'oke. Tukasafisha puli, tukabadilisha mkanda tena (hela ya pili hiyo!). Masika yameisha, mkanda kimya.