Bado niko Arles

Nimeahirisha safari ya treni ili nibaki Arles, kusini mwa Ufaransa, kwa siku chache zaidi. Uwanja wa Warumi, uliojengwa yapata mwaka 90 na uliokuwa ukichukua watazamaji wapatao 20,000, ndio unaokimbiliwa na kila mgeni. Mimi, hata hivyo, nimevutiwa zaidi na jumba la makumbusho ya kale, kunakohifadhiwa tishari la mizigo la Kirumi lenye urefu wa mita 31, lililoopolewa kutoka mto Rhône mwaka 2011. Jumamosi, upepo wa mistral ukiruhusu, nitakwenda sokoni Boulevard des Lices kununua mchele wa Camargue, ingawa sikutegemea kabisa kwamba Wafaransa nao hulima mpunga.